Hati ya mkeo inasimama juu ya hati yako

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki hii. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Wiki iliyopita nilikuwa ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, pale maboti yanapopakia abiria wa kwenda Mwamgongo, Kagunga na ng'ambo ya mpaka. Nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Nikamkuta kijana mmoja wa Ujiji ninayemfahamu toka utoto wake, anamsindikiza mkewe. Mwanamke alikuwa na begi moja na mtoto mgongoni. Hakuwa anakwenda msibani wala kusalimia wazazi. Alikuwa anarudi kwao Rumonge, Burundi, kwa sababu siku alizoandikiwa katika pasipoti yake zilikuwa zimebaki 2 tu.

Nilimuuliza kijana, "Kulikoni, mdogo wangu? Si nilisikia shemeji amekuja kukaa moja kwa moja?" Akanijibu, "Kaka, nimekwama. Wameniuliza mke wangu ni mke wa nani, na mimi nimeshindwa kujibu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo ya leo. Mtu mwenye cheti cha ndoa mkononi, mwenye mke na mtoto pembeni yake, anashindwaje kujibu mkewe ni mke wa nani? Jina lake sitalitaja, lakini amenipa ruhusa nisimulie kisa chake, kwa kuwa anajua si chake peke yake. Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, toka Kagunga hadi Ujiji na kuteremka kusini, wenye kisa kama hiki ni wengi.

Baba yake alivuka ziwa mwaka 1972, wakati wa mauaji makubwa ya Burundi. Akafikia Ujiji, akapokewa, akavua dagaa, na baada ya miaka akaoa binti wa hapo hapo, Mtanzania asiye na shaka yoyote. Kijana wetu akazaliwa mwaka 1988. Alisoma shule ya msingi hapa hapa na kila asubuhi aliimba wimbo wa Taifa mbele ya bendera. Kiswahili chake ni cha Ujiji. Kiha anakisema, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, akivuka ng'ambo hakuna anayemshangaa.

Amani iliporejea Burundi, baba alirudi Rumonge kudai shamba lake la michikichi. Wanaoijua Rumonge wanafahamu kuwa wakimbizi wengi wa 1972 waliporudi walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine, na kesi za ardhi zikawa nyingi. Mzee alifariki kesi yake haijaisha. Ikambidi mwanawe aifuatilie. Huko akaambiwa alete kitambulisho cha Burundi. Hakupata shida kukipata, maana kwa sheria ya kwao mtoto wa baba Mrundi ni Mrundi popote alipozaliwa. Baada ya kitambulisho akachukua na pasipoti. Naye hakuona kosa lolote, kwa sababu sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 inamruhusu raia wake kuwa na uraia wa nchi nyingine.

Wakati huo tayari alikuwa na pasipoti ya Tanzania. Basi akaishi na zote mbili. Aliniambia pale ufukweni, "Kaka, ile moja ni ya shamba la baba. Hii nyingine ni ya nyumba ya mama."

Akaoa huko huko Rumonge. Ndoa ikafungwa kiserikali, na kwa kuwa alijitambulisha kwa kitambulisho cha Burundi, cheti cha ndoa kikaandikwa kuwa bwana harusi ni raia wa Burundi. Mambo yakaenda vizuri mpaka mama yake mzazi, aliyebaki Ujiji, alipoanza kuumwa miguu kiasi cha kushindwa kusimama. Kijana akaamua kumleta mkewe nyumbani aje kumtunza mama mkwe, na mtoto aje kuanza shule. Akaenda kumwombea mkewe hati ya mtegemezi, ile anayopewa mwenzi au mtoto anayeishi nchini kwa mgongo wa mwenyeji wake.

Akapeleka dirishani pasipoti ya Tanzania, pasipoti ya mke, na kile cheti cha ndoa. Afisa akakisoma cheti, akarudia kukisoma. Kisha akamwambia kwa upole, "Kaka, hapa umeandikwa Mrundi. Huku umeniletea pasipoti ya Tanzania. Sasa nimwandikie huyu dada kuwa ni mke wa nani?"

Wasikilizaji wapenzi, wengi wetu tunapofikiria hati ya mke au mume anayetoka nje tunaangalia karatasi za mgeni. Tunauliza pasipoti yake ina muda gani, picha zake ziko wapi, ada ni kiasi gani. Hatujiulizi juu yetu sisi wenyeji. Ukweli ni kwamba hati ya mwenzi wako haina miguu yake. Inasimama juu ya hati yako. Ikiwa yako ina mashaka, yake haiwezi kusimama, hata kama ndoa yenu ni ya halali mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Sasa hebu tuitazame sheria. Sheria ya Uraia ya Tanzania ni ya mwaka 1995. Sheria hii haikubali mtu mzima awe raia wa Tanzania na wakati huo huo raia wa nchi nyingine. Kuna njia mbili za kuangukia katika kosa hilo, na ni vizuri kuzitofautisha.

Njia ya kwanza ni ya mtu mzima ambaye kwa hiari yake anaomba na kupewa uraia wa nchi nyingine. Huyo, kwa sheria yetu, uraia wa Tanzania unamtoka. Pasipoti yake ya zamani inaweza kuwa bado imo kabatini na muda wake haujakwisha, lakini uraia uliokuwa nyuma ya pasipoti hiyo haupo tena.

Njia ya pili ndiyo inayoligusa zaidi ziwa letu. Ni ya mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili bila kuomba, kwa kuwa baba ni wa huku na mama ni wa kule. Mtoto huyo sheria inamvumilia mpaka afikishe umri wa miaka 18. Akishafika hapo anatakiwa achague. Kama anataka kubaki Mtanzania, aukane ule uraia mwingine na ale kiapo cha utii. Asipofanya hivyo, sheria inamhesabu kuwa ameacha kuwa raia wa Tanzania. Ndivyo ilivyo, hata kama hajawahi kulala nje ya Ujiji usiku mmoja.

Kijana wetu alifikisha miaka 18 mwaka 2006. Mwaka huo, anavyokumbuka, alikuwa anabeba magunia ya dagaa bandarini. Hakuna aliyemwambia kitu. Mwalimu hakumwambia, mtendaji wa kata hakumwambia, na baba yake mwenyewe hakuwa anajua. Miaka ikapita, akajaza fomu ya pasipoti, na kwenye swali la kama ana uraia mwingine akaandika hapana. Wakati ule hakuwa na kitambulisho cha Burundi, kwa hiyo aliamini anasema kweli. Kumbe uraia wa baba alikuwa nao toka siku aliyozaliwa.

Hapo ndipo ombi la mke linapofukua mambo ya mume. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. Alivuka, akarudi, akauza mawese, akanunua vitenge. Siku alipotaka kitu kwa ajili ya mkewe ndipo karatasi zake mbili zilipowekwa juu ya meza moja, na zikapingana.

Nilipowasimulia watu wa mtaani kisa hiki, bila kutaja jina, ushauri niliousikia ulikuwa wa aina moja. "Mwambie aichane ile cheti ya Burundi, afunge ndoa upya hapa Ujiji, apate cheti kipya." Wengine wakasema aifiche ile pasipoti ya pili chini ya godoro. Nawaheshimu wazee wangu na vijana wenzangu, lakini ushauri huu ni wa kumzamisha mtu. Ndoa ile imeandikwa katika daftari la Rumonge. Mke mwenyewe atakapoomba pasipoti mpya kwao ataandikwa kuwa ameolewa, na mume atatajwa. Mtoto ana cheti cha kuzaliwa chenye uraia wa baba. Utachana vyeti vingapi? Aidha, kusema uongo katika fomu za uraia au za uhamiaji ni kosa la jinai, na likigundulika, anayeumia wa kwanza ni yule mgeni uliyekuwa unajaribu kumsaidia. Wewe unaweza kujitetea kuwa umezaliwa hapa. Yeye hana cha kujitetea nacho ila jina lako.

Wapo pia wanaodhani kuwa mambo haya yamekwisha kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Ni kweli kuingia kumekuwa rahisi. Mgeni wa kutoka Rumonge anagongewa muhuri mpakani anaendelea na safari. Lakini muhuri ule ni wa kutembea. Haumpi mtu ruhusa ya kuishi na kulea familia mwaka hadi mwaka. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kufuatana na mwenzi wake na mtoto wake, lakini hata huko lazima mfanyakazi ajulikane ni raia wa nchi gani. Tumerudi pale pale: wewe ni nani, ili mwenzi wako ajulikane ni wa nani?

Tatizo linakuwa gumu zaidi kwa kuwa majirani zetu hawana msimamo mmoja. Burundi inaruhusu uraia wa nchi mbili. Rwanda inaruhusu, Uganda inaruhusu, na Kenya inaruhusu toka Katiba yake ya mwaka 2010. Kongo, kwa sheria yake ya mwaka 2004, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Tanzania nayo haikubali. Kwa hiyo mtu mmoja, katika boti moja, anaweza kuondoka Rumonge akiwa raia halali wa nchi mbili, na akishuka Kibirizi akakuta nchi moja kati ya hizo inasema hapana, kwangu wewe si raia tena.

Wala tusidhani kuwa wazungu wamelitatua jambo hili. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mama mmoja aliyekuwa na uraia wa Uingereza na wa Ireland. Alizaliwa Uingereza na kuishi huko maisha yake yote. Mumewe alikuwa Mjamaika. Sheria za Uingereza zilimbana mume, kwa hiyo mama yule akachukua pasipoti ya Ireland na kusema, sasa nihesabuni kama raia wa nchi nyingine ya Ulaya aliyehamia hapa, mumpe mume wangu kibali kwa sheria nyepesi za Umoja. Mahakama ikakataa. Ikasema hajawahi kuhama. Kuwa na pasipoti ya pili hakumfanyi mtu awe ameishi maisha ambayo hakuyaishi.

Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo ikaamua kesi nyingine. Safari hii alikuwa mama wa Kihispania aliyehamia Uingereza mwaka 1996, akasoma, akafanya kazi, na mwaka 2009 akapewa uraia wa Uingereza bila kuacha ule wa Hispania. Baadaye akaolewa na mwanamume wa Algeria. Serikali ya Uingereza ikasema kwa kuwa sasa wewe ni Mwingereza, mumeo hawezi tena kutumia haki za Ulaya. Mahakama ikasema hapana. Mama huyu alihama kweli, akajenga maisha kweli, na asiadhibiwe kwa kuwa amekuwa mwenyeji kamili. Mume akatambuliwa kuwa na haki ya kukaa. Uingereza imetoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, lakini fundisho la kesi zile mbili limebaki. Majaji hawakuhesabu idadi ya pasipoti. Walitazama mtu ameishi wapi na anaweza kuthibitisha nini.

Nimeleta mfano wa mbali kwa sababu tunao ndugu zetu walio mbali. Toka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, familia nyingi za Wakongo zimepelekwa Marekani katika miaka ya karibuni. Wapo pia Watanzania wa Kigoma waliokwenda kusoma au kutafuta maisha wakapata uraia wa huko. Kijana wa namna hii akishakuwa raia wa Marekani anaweza kumwombea mkewe viza ya familia, na mke wa raia hawekwi katika foleni ndefu kama mke wa mkazi wa kawaida. Hiyo ni faida kubwa. Lakini tazama anavyoiharibu. Anarudi Ujiji kuoa. Mfukoni ana pasipoti ya Marekani na ile ya zamani ya Tanzania. Kwa kuogopa maswali, au kwa kukwepa ada ya viza, anaingia na ile ya Tanzania. Kwa mwandikishaji wa ndoa anajiandika Mtanzania. Ndoa inapita, karamu inaliwa. Akirudi Marekani anajaza fomu ya kumwombea mke akiwa Mmarekani, anaambatanisha cheti kinachosema ni Mtanzania. Huko ataulizwa yeye ni yupi. Na hapa kwetu, kama atataka mkewe na yeye waje kuishi siku za baadaye, ataulizwa kwa nini alitumia pasipoti ya nchi ambayo uraia wake ulikwisha mtoka.

Bunge letu mwaka 2025 lilipitisha marekebisho ya sheria yanayoanzisha hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Ni hatua, na wengi walioko nje waliingojea kwa muda mrefu. Lakini tuelewane vizuri. Hadhi maalum haimrudishi mtu kuwa raia. Na kijana wetu wa Ujiji haiombi hadhi maalum. Yeye hajawahi kuondoka. Analotaka ni kuwa Mtanzania kama alivyodhani yuko siku zote.

Kabla sijafika mwisho, kuna jambo la akina mama ambalo sitalipita kimya. Sheria yetu ya 1995 inasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania anaweza kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Haisemi hivyo kwa mwanamume aliyemwoa Mtanzania. Binti wa Mwanga akiolewa na mfanyabiashara wa Kalemie, mumewe hana njia ya mkato. Atahesabu miaka kama mgeni mwingine yeyote: miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hapo jumla ya miaka 7 katika miaka 10. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, haitofautishi mume na mke. Ndoa ikishafikisha miaka 7, mwenzi yeyote anaweza kuomba. Sisi tunawaambia binti zetu kuwa ni sawa na kaka zao, na mpaka sasa sheria hii inasema vingine. Hati ya mume inasimama juu ya hati ya mke kama ile ya mke inavyosimama juu ya hati ya mume. Kwa nini upande mmoja wa nyumba uwe na nguzo fupi?

Sasa nani alaumiwe kwa yaliyompata kijana wetu? Yeye mwenyewe ana sehemu yake. Alipochukua kitambulisho cha Burundi angepaswa kuuliza huku kwanza. Lakini tusimtwishe yote. Sisi watu wa mwambao huu tumezoea kutiliwa shaka. Mimi mwenyewe, siku moja katika ofisi fulani, niliulizwa babu yangu kazikwa wapi, na nilipotaja Ujiji nikaulizwa baba yake babu je? Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara wakati miji mingi ya leo haijazaliwa. Wamanyema, Wabwari, Waholoholo na Wagoma walivuka toka upande wa Kongo kabla mipaka haijachorwa. Hata wenye majina makubwa hawakusalimika. Mwaka 2001 mwandishi mwenzetu mashuhuri, Jenerali Ulimwengu, aliyekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa na Serikali kuwa si raia. Mtu aliyezoea kuulizwa maswali ya namna hiyo hujifunza kunyamaza. Hujifunza kujibu kile tu alichoulizwa. Na kunyamaza huko ndiko kunakomharibia siku anapotaka kumleta mke.

Kwa hiyo lawama nyingine ni ya Serikali. Sheria inayomnyang'anya mtu uraia akiwa na miaka 18 kwa kosa la kutokufanya kitu, hapana budi itangazwe mpaka imfikie huyo wa miaka 18. Katika mikoa ya mpakani, Kigoma, Kagera, Katavi, Rukwa na kwingineko, ingekuwa rahisi tu. Mkuu wa shule angewaambia wanafunzi wa kidato cha nne. Mtendaji wa kata angeuliza kila kijana anayekuja kuchukua barua ya utambulisho: mmoja wa wazazi wako ni wa nchi nyingine? Kama ndiyo, nenda ukaape kabla hujachelewa. Tulipoamua kuwapa uraia wakimbizi wa 1972 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watu wapatao 162,000, tuliwafuata huko huko waliko, tukawaeleza kuwa lazima waukane uraia wa Burundi, na wakaukana. Kama tuliweza kuwaeleza wakimbizi, tunashindwaje kuwaeleza watoto waliozaliwa hapa na mama zao ni wetu?

Nanyi wasikilizaji ambao mna mwenzi wa ng'ambo, au mnatarajia kuwa naye, naomba mshike mambo manne.

Kwanza, kabla hujaomba chochote kwa ajili ya mwenzi wako, maliza jambo lako. Kama mmoja wa wazazi wako ni wa nchi nyingine, nenda Uhamiaji ukaulize hali yako, ukiwa na cheti chako cha kuzaliwa na vya wazazi. Ni afadhali uulize mwenyewe kuliko kuulizwa.

Pili, siku ya ndoa, jina na uraia utakaoandika ndio utakaokufuata. Hakikisha ni ule ule utakaoutumia kumwombea mwenzi wako. Na ndoa iandikishwe. Ya msikitini au ya kanisani ni halali chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, lakini dirishani hawaoni shehe wala mashahidi. Wanaona cheti.

Tatu, fomu ikiuliza kama una uraia mwingine au umewahi kuwa nao, jibu yote. Pasipoti ya pili uliyoitaja mwenyewe itazua maswali. Ile waliyoigundua wao itazua kesi.

Nne, usimwache mwenzi wako akae kwa muhuri wa matembezi uliokwisha muda kwa matumaini kuwa mambo yatajipa. Akikamatwa, ombi lake la kesho litaanza na doa la leo.

Kijana wetu ameamua. Anasema ataenda kueleza kila kitu, pasipoti zote mbili mezani, na aombe aelekezwe namna ya kubaki Mtanzania. Anajua huenda akaambiwa aanze mbali, kama mgeni, katika mji aliozaliwa. Anajua pia akiukana uraia wa Burundi, kesi ya shamba la baba itamwia ngumu. "Lakini, kaka," akaniambia, "shamba halinitunzii mama. Mke wangu ndiye anayemnyanyua kitandani."

Boti iling'oa nanga saa 3 asubuhi. Mtoto alikuwa analia kwa kuogopa mawimbi. Bibi yake, nyumbani Ujiji, siku hiyo alinyanyuliwa na majirani.